Baina ya Adhuhuri na Magharibi

Mwenye kutaka kujua jinsi mji unavyowaangalia watoto wake asiutazame asubuhi, wakati wamevaa sare na kupanga mistari mbele ya mwalimu, wala asiutazame usiku, wakati milango imekwisha kufungwa na kila mzazi amehesabu walio wake. Bali auingie saa nane za mchana, jua likiwa kali na njia zikiwa nyeupe kwa vumbi, amwulize kila mtoto atakayekutana naye anatoka wapi, anakwenda wapi, na nani anayejua kwamba yupo hapo. Saa hizo, tangu kengele ya mwisho ya shule hata adhana ya magharibi, ndizo zilizonilea mimi kwa sehemu kubwa ya utoto wangu, na kwa kuwa naona watoto wengi wa zama hizi wanazipita bila ya mtu, nimeona si vibaya kuyaeleza niliyoyaona na kuyatafakari.

Mji wetu wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ulikua kwa sababu ya njia. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja ikaelekea magharibi mpaka Ujiji, penye ziwa la Tanganyika, na nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Hapa ndipo tajiri wa pwani alipopumzisha watu wake, akaiweka shehena yake katika tembe la rafiki, akaendelea na safari. Na watu wa njia hiyo walijua mapema kwamba amana haihifadhiki kwa kutumainiwa tu. Msafiri Livingstone aliionja hasara hiyo mwaka 1871, aliporudi Ujiji akakuta vitu alivyopelekewa kutoka Unguja vimekwisha kuuzwa na mtu aliyeaminiwa navyo. Na mwaka uliofuata alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, tangu Februari hata Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani, na mahali alipokaa leo pana makumbusho. Wapagazi nao, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, hawakuwa watu wa kubeba ovyo: mzigo ulipimwa, ujira ulisemwa kabla ya safari, na posho ilitolewa njiani. Mpagazi wa kukodiwa hakuambiwa abebe bure kwa sababu Mungu amempa mabega mapana. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwani nitalihitaji mbele.

Zama za misafara zilipita, ikaja reli. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Watu husimulia sana bidhaa zilizoletwa na gari la moshi, lakini aghalabu hawasimulii kwamba gari hilo lilileta pia mzazi wa namna mpya, yaani mtu anayeondoka nyumbani kwa saa ya ukutani wala si kwa kivuli cha mti, na ambaye hawezi kwenda kazini na mtoto wake kama mama aendavyo naye shambani. Mkulima wa Unyanyembe akimwacha mtoto chini ya mwembe wakati wa kupalilia, humwona kila ainuapo kichwa. Fundi aliye chini ya injini ya treni haoni kitu ila chuma. Kazi ilipohama nyumbani, malezi ya mchana yalibaki nyuma bila ya kukabidhiwa mtu, na wala hapakuwa na siku iliyotangazwa kwamba yamebaki.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, na mama yangu alikuwa muuguzi. Wote wawili walikuja Tabora kwa kazi, jamaa zetu wakiwa mbali vijijini, hivyo hatukuwa na bibi wa damu wala shangazi wa kutungoja mlangoni. Sisi wa madarasa ya chini tulitoka shule adhuhuri. Baba hakufika nyumbani ila alasiri imekwisha, na mama, ambaye zamu zake zilibadilika kila juma, pengine alikuwa wodini, pengine alikuwa amelala usingizi wa mchana wa mtu aliyekesha. Ajabu ni kwamba mji huu huu ulikuwa na sifa kubwa ya elimu. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, na ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, ilikuwa shule ya bweni, na katika bweni kila saa ya mwanafunzi ina mwenyewe: saa ya kuamka, ya kula, ya bustani, ya mchezo, ya kusoma, ya kulala. Lakini mtoto wa shule ya kutwa alipangiwa asubuhi yake tu, na mchana uliobaki ukaachiwa bahati.

Bahati yetu ilikuwa bibi mmoja mjane, aliyeishi mtaa wa Ng'ambo katika nyumba ya udongo yenye baraza pana na mwembe mbele yake, ambaye marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli. Alijipatia riziki kwa kuuza matobolwa ya viazi na karanga za kukaanga hapo barazani. Sijui nani aliyekuwa mtoto wa kwanza kuachwa kwake. Nijuavyo ni kwamba nilipopata akili nilikuta ni ada, watoto wa mafundi, wa makarani, wa wauguzi na wa mwalimu mmoja wakitoka shule hupita nyumba zao zilizofungwa na kwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nasi hatukumwita jina jingine.

Utaratibu wake nimeukumbuka kila nilipopata kuiona nyumba ya kulelea watoto, nikaulinganisha, na mara nyingi ukashinda. Ukutani, ndani ya ukumbi, alipigilia misumari, na kwa kila msumari palitundikwa kikombe cha bati, kila mtoto na chake. Mtoto akifika, baada ya shikamoo na marahaba, hunawa, hutwaa kikombe chake, akapewa uji au maziwa ya mgando, kwa kadiri ya neema ya siku hiyo. Jua lilipopindukia kidogo kutoka utosini, Bibi alitazama ukuta. Hakuhesabu watoto, maana watoto hawatulii kuhesabika. Alihesabu vikombe vilivyobaki juu ya misumari, na kila kikombe kilichobaki kilimtajia mtoto asiyefika. Hapo hutuma wakubwa wawili warudi kwa njia ile ile ya shule, wapite kwenye miembe na kando ya reli, wasirudi bila ya habari. Mwenzetu akiwa mgonjwa kwao, Bibi alijua kabla ya alasiri. Mwenzetu akiwa ametoroka kwenda porini kutafuta matunda ya ntalali na matonga, alijua pia, na hukumu yake ilikuwa kumenya karanga ilhali sisi tunacheza.

Baada ya kula tulilala kidogo juu ya mikeka, wakubwa kwa wadogo. Wakati wa alasiri Waislamu tulikwenda chuoni na misahafu yetu, na wenzetu Wakristo walibaki barazani na vitabu vyao vya shule, wakimsomea Bibi kwa sauti, naye akiitikia kama mwenye kufuata kila neno, ingawa mwenyewe hakujua kusoma; na sisi tulipopewa zamu ya kusoma hatukuthubutu kuruka mstari, kwa kuwa masikio yake yalitambua hadithi iliyokatika. Kisha tulicheza mpaka wazazi walipopita mmoja mmoja kutuchukua, na yeyote asiyekuwa mzazi alirudishwa mikono mitupu, hata awe mjomba mwenye maneno matamu, mpaka baba au mama aje kusema kwa kinywa chake. Hakuna aliyemfundisha Bibi haya katika semina, wala hapakuwa na karatasi ukutani. Yalikuwa ni hekima ya mtu aliyeona kwamba mwana wa watu ni deni zito.

Hali ilikwenda hivyo, na wazazi wakaiona kama mvua ya masika, kitu kinachokuja chenyewe, mpaka Bibi alipougua. Homa ilimlaza kwa majuma, jamaa yake akamchukua, na baraza likafungwa. Mara tukatawanyika kama karanga zilizomwagika. Wapo waliofungiwa ndani, wapo waliovishwa ufunguo shingoni, wapo waliokwenda kucheza chini ya mabehewa yaliyosimama. Na mtoto mmoja mdogo wa jirani, ambaye dada yake, naye mtoto, alikuwa akimpashia uji juu ya jiko la mkaa, alimwagikiwa akaungua mkono na paja. Alipona, lakini kovu alibaki nalo. Na yule dada yake, ambaye hakuwa na kosa ila umri mdogo, alilaumiwa kwa muda mrefu kuliko kidonda kilivyodumu. Haikusemwa kwamba kosa lilikuwa la watu wazima wote wa mtaa ule, wazazi wetu wakiwamo, maana msichana wa miaka tisa hawezi kuwa ukuta wa nyumba.

Bibi alipopata nafuu na kurudi, wazazi walikutana barazani kwake jioni moja, na mimi nalikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza kama wasikilizavyo watoto wanaodhaniwa wamelala. Mama yangu ndiye aliyelitoa shauri kwamba Bibi alipwe. Watu walinyamaza kwanza. Kisha baba, ambaye alikuwa mtu wa murua na hakukusudia ubaya, akasema kwamba jirani halipwi, kwa kuwa ukimlipa umemfanya kibarua, na ujirani umekufa. Mzee mwingine akamwunga mkono, akasema kulea watoto wa watu ni jambo la thawabu, na thawabu haipimwi kwa shilingi. Mama akajibu kwa upole kwamba yeye hulipwa kila mwezi kwa kuwaangalia wagonjwa wa watu, na hajapata kuambiwa kwamba mshahara ule umeyaondoa mapenzi moyoni mwake wala thawabu zake mbinguni.

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya mkeka, kanga begani, akiwasikiliza wote bila ya kuinua macho. Walipokwisha, alisema maneno ambayo mpaka leo nayaona ni hukumu ya haki kuliko nyingi nilizozisoma: "Wanangu, thawabu zangu ziko kwa Mwenyezi Mungu, wala sizidai kwenu. Kwenu nadai unga."

Hapakuwa na jawabu. Jioni ile ile walikubaliana kila nyumba itoe shilingi kadhaa kwa mwezi kwa hesabu ya watoto wake, na pamoja nazo unga, kuni na mkaa. Mzazi asiyekuwa zamuni akae na Bibi siku zake, ili asiwe peke yake akipatwa na jambo. Na karani mmoja akafungua daftari, akaandika jina la kila mtoto, mahali wafanyapo kazi wazazi wake, na watu wanaoruhusiwa kumchukua. Mwalimu mkuu alipewa habari, akajua watoto wake wanakwenda wapi wakitoka. Na ujirani, ambao baba aliuhofia, haukufa. Nadhani ndipo ulipopata miguu, maana tangu siku ile hata mzazi mwenye haya aliweza kumwuliza Bibi habari za mwanawe bila ya kujiona mwombaji, na Bibi aliweza kumwambia mzazi aliyechelewa kwamba amechelewa.

Katika mambo haya nimepata mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba mtoto wa saa nane za mchana anahitaji mtu kabla ya kuhitaji kitu. Siku hizi wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto tuisheni, watoke dawati hili waingie dawati lile. Na nikizungumza nao naona wengi hawalipi kwa kiu ya hesabu bali kwa haja ya mahali, kwa sababu tuisheni ndiyo nyumba pekee iliyo wazi ambayo mtoto anaweza kukaa mpaka mama atoke kazini. Si haki mtoto mdogo achoshwe akili yake ili apate ulinzi. Alipaswa kupewa ulinzi, chakula, usingizi na mchezo, kisha kitabu kwa kiasi, kama tulivyopewa sisi barazani.

La pili ni kwamba mzigo wa mtoto usiwekwe juu ya mtoto mwingine. Nyumba nyingi za mjini zimelitatua jambo hili kwa kumleta binti kutoka kijijini, ambaye pengine hajamzidi sana yule anayemlea, akapika, akafua, akampokea mwenzake atokaye shule ambayo yeye mwenyewe ameikosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Lakini ukuta wa nyumba ni mnene, na sheria haipiti kwa urahisi penye pazia la jikoni. Mzazi anayemwokoa mwanawe kwa kumpoteza mwana wa mwenziwe hajafanya malezi, amehamisha hasara tu.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kwamba malezi ya mchana ni kazi, na kazi ina ujira, na ujira huzaa haki ya kuuliza. Wazee wetu wa njia ya misafara hawakuona aibu kumpatia mpagazi posho yake, wala hawakudai kwamba posho inaondoa heshima ya safari; iweje basi wajukuu zao waone aibu kumlipa mwanamke anayebeba watoto wao tangu adhuhuri hata magharibi? Sifa tunazowapa mama na bibi zetu ni nyingi, na zinastahili, lakini nimeona mara nyingi sifa ikitumika badala ya malipo.

Wala hili si tatizo la Tabora peke yake, wala si la leo. Uswidi, ambayo watu huitaja kama kwamba ilizaliwa na raha, ilikuwa na watoto wa maskini waliozurura Stockholm wazazi wao wakiwa viwandani, hata mwaka 1887 bibi aitwaye Anna Hierta-Retzius akafungua nyumba ya kazi za mikono ambayo watoto hao waliingia baada ya shule, wakapata kula na kujifunza ufundi. Na katika mbegu hiyo na nyingine mfano wake ndimo ulimoota utaratibu wa malezi ya baada ya shule walionao leo. Karibu na kwetu, Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, alianzisha malezi ya watoto wadogo juu ya msingi wa madrasa ambazo jamii ilikwisha kuziamini, na mpango huo ukaenea hata Zanzibar na Uganda. Hao wadogo walikuwa hawajafika umri wa shule, lakini funzo ni moja: aliyefaulu hakungoja jumba jipya, alianza na mlango ambao watu walikuwa wakiuingia tayari.

Taifa letu nalo halikulala. Sheria ya ajira imempa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua mapacha. Sheria ya Mtoto imeweka masharti ya vituo vya kulelea watoto mchana. Na mwishoni mwa mwaka 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kutungwa mimba hata miaka 8. Yote haya ni mema. Lakini vituo vile kwa desturi hupokea walio chini ya umri wa shule, na programu ile inamwacha mtoto akishatimiza miaka 8, ilhali mtumishi wa serikali hutoka ofisini saa tisa na nusu, muuguzi hutoka zamu inapokwisha, na mama wa sokoni hutoka anapomaliza kuuza. Mtoto wa miaka tisa, kumi au kumi na moja, ambaye ndiye mwenye miguu ya kwenda mbali na akili isiyojua kurudi, amebaki katikati, hana kituo wala hana mlinzi.

Na hapa Tabora vipo vitu vya kuanzia. Yapo madarasa yanayofungwa mchana, yapo mabaraza ya misikiti na kumbi za makanisa, na ipo miembe, ambayo kivuli chake hakidai kodi. Wapo wanawake wazima, wastaafu wa uuguzi na ualimu, wenye nguvu na uzoefu, ambao pensheni yao haiwatoshi. Na ipo asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inataka ikopeshwe bila ya riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hiyo huombwa kwa ajili ya kuku, ushonaji na maduka, nayo ni halali yao, lakini kikundi cha wanawake kinachowapokea watoto baada ya shule kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa biashara za maana kama kinavyohesabiwa kinachofuga.

Basi nawasihi wazazi wa Gongoni, wa Kanyenye, wa Ng'ambo, wa Isevya na wa kila mtaa wenye shule na watu wa kazi, wasingoje amri ya waziri. Shule hufunguliwa Januari. Kabla ya siku hiyo kutaneni, mtafuteni mtu mzima mnayemwamini, mkubaliane ujira wake mbele yake na kwa idhini yake, mfungue daftari la majina, mumjulishe mwalimu mkuu na ofisa wa ustawi wa jamii, na mlipe kila mwezi bila ya kuchelewa, kama mnavyotaka kulipwa ninyi.